Lonka au Morich

Watu wengine huamka na njaa. Bhabatosh Guha wa koloni ya Shantipalli aliamka na maoni. Kabla hajasukutua kinywa alikuwa ameshaamua kama madaktari waliogoma wafukuzwe au waongezwe mshahara, na uamuzi huo ulitegemea zaidi tumbo lake lilivyolala. Kabla hajavaa shali alikuwa ameshamaliza habari ya wasichana wanaorudi na treni ya usiku, habari ya roketi ya kwenda mwezini, na ya wale wanaotaka samaki asiuzwe karibu na mahekalu. Halafu, ameshiba maoni hivyo, alitoka kwenda kuwashibisha na wenzake kwenye kibanda cha chai cha Gopen.

Alikuwa amestaafu ofisi ya umeme. Huko aliketi miaka na miaka nyuma ya kidirisha cha malalamiko, na kazi ile ilimfunza jambo moja tu, nalo alilifuzu kweli kweli: kusema huku hasikii. Mkewe alishafariki. Mwanawe alikuwa Pune akipiga simu mara moja moja, na simu ile baba aliitumia kumweleza hali ya Pune ilivyo. Nyumbani alibaki na mama yake, Snehalata, bibi kizee aliyepinda mgongo lakini mwenye macho makali, ambaye naye alikuwa na maoni yake ila hakuona haja ya kuyatembeza barabarani.

Kibandani kwa Gopen, ukutani, palikuwa na kibao: MAZUNGUMZO YA SIASA NI MARUFUKU HAPA. Gopen alikitundika baada ya uchaguzi mmoja uliomgharimu glasi kadhaa na mguu wa benchi. Aliyekiandika kibao kile, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini, ni Bhabatosh mwenyewe, na mahali alipopenda kukaa ni chini yake hasa, maana hapo ndipo mgongo ulipopata pa kuegemea.

"Kaka, na kibao je?" Gopen alimwuliza siku za mwanzo.

"Kibao ni cha wanaobishana. Mimi nabishana? Mimi nasema ukweli."

Gopen akamimina chai. Mwenye kibanda akianza kukosoa wateja atauza chai kwa kunguru.

Mtu pekee aliyethubutu kumjibu ni Kanai, fundi cherehani wa jirani, mwembamba kama uzi wake mwenyewe, ambaye alikuja na glasi yake mkononi na sindano zimechomekwa kolani. Wawili hao walichukiana kwa raha. Siku Kanai alipougua homa, Bhabatosh alikunywa chai yake haraka akarudi nyumbani mapema, maoni yote yamemkwama kooni kwa kukosa wa kumtupia.

Basi msimu ule wa baridi redio na runinga zilikuwa na wimbo mmoja: wageni. Huko mikoa ya mbali, watu wetu waliokwenda kujenga maghorofa na kufagia majumba ya matajiri walikuwa wakikamatwa kwa kuwa wanasema Kibangla, wakiambiwa wametoka ng'ambo ya mpaka, wakipakiwa kwenye magari. Kila jioni runinga ilipanga vichwa sita kwenye vijisanduku, vyote vikipiga kelele kwa pamoja, na kila asubuhi kichwa cha saba kilikuwa kimekaa chini ya kibao cha Gopen.

"Wafukuzwe!" alisema Bhabatosh. "Wote! Nchi si nyumba ya wageni."

"Utawajuaje?" Kanai akauliza. "Sisi na wao sura moja, samaki mmoja, wali mmoja."

"Mimi? Nawajua kwa neno moja tu."

Akanyoosha mkono kwenye sahani ya Gopen, ile ya bisi za mchele, akainua pilipili mbichi kwa kikonyo chake kama daktari anayeonyesha jino alilong'oa.

"Hii ni nini?"

"Lonka," akasema Kanai.

"Haya. Wewe wa kwetu. Wa ng'ambo ataiita morich. Anaweza kughushi kitambulisho, anaweza kughushi jina la baba, lakini pilipili itamtoa. Ulimi hauwezi kughushi pilipili!"

Watu wakacheka, wakapenda. Na ni kweli, hilo la pilipili. Kila mtu kolonini alilijua. Ila kila mtu kolonini alijua na jambo la pili, nalo hakuna aliyelisema, kwa adabu au kwa uvivu. Shantipalli yote ilijengwa na waliokimbia kutoka ng'ambo baada ya nchi kukatwa mara mbili. Baba yake Bhabatosh alikuja kutoka Barisal na bahasha ya vyeti. Mama yake, bibi harusi kijana wakati huo, alikuja amebeba jiwe la kusagia viungo kiunoni. Wenzake walificha dhahabu kwenye nywele. Yeye alibeba jiwe zito mpaka mpakani, akavuka nalo, akalilalia kambini, maana mama mkwe wake alimwambia nyumba bila jiwe si nyumba. Ndani ya nyumba ile pilipili iliitwa morich siku zote. Bhabatosh mwenyewe aliiita hivyo mpaka alipoanza shule, ambako watoto wa wenyeji walimcheka akalia, na tangu hapo akaanza kuunyoosha ulimi wake kama mtu anayepiga pasi shati la kuazima. Akaunyoosha vizuri. Ukimsikia leo utasema babu zake walizaliwa Kolkata penyewe, kwenye veranda ya marumaru. Mwacha asili ni mtumwa, wamesema wahenga, lakini huyu utumwa wake aliutia pambo akautembeza.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua zuri la baridi. Kibanda kilijaa. Bhabatosh na Kanai walikuwa wameshikana kwa maneno, na safari hii, jambo la nadra, Kanai alikuwa akishinda.

"Unasema tu," Kanai alimwambia. "Pilipili, pilipili. Tangu uanze, umemkamata hata mmoja? Domo kaya!"

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kilikuwa cha Kanai. Bhabatosh akahisi masikio yanawaka. Ndipo huko njiani ikasikika sauti: "Mawe tunachongaaa! Mawe ya kusagiaaa!"

Alikuwa Tofajul, mchongaji wa mawe. Kila baridi alipita Shantipalli na mfuko wake wa patasi na nyundo, akiyatia meno upya mawe yaliyolika kwa kusaga, na katikati ya kila jiwe akichora samaki. Baba yake alifanya hivyo hivyo kabla yake. Kila mwaka alikaa uani kwa Bhabatosh, akichonga jiwe la Snehalata na kula wali wake. Bhabatosh alimjua? Uso aliujua, kama unavyoujua mlango wa jirani. Jina hakuwahi kuuliza, maana alikuwa na maoni, na mwenye maoni haulizi.

"Ewe! Njoo hapa," akamwita.

Tofajul akaja anatabasamu. Alimtambua mtoto wa bibi.

"Hii ni nini?" Bhabatosh akamwinulia pilipili.

Tofajul akadhani anakaribishwa. "Morich, bwana. Lakini nimeshakula, asante."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko. Bhabatosh alisimama, akamgeukia Kanai, mikono ameitanua. "Nani domo kaya? Nani? Na kwenu ni wapi, ndugu yangu?"

"Dinajpur, bwana."

Masikini, alisema kweli tupu na kweli ikammaliza. Dinajpur ilikatwa vipande viwili siku nchi ilipokatwa. Ziko mbili, moja huku na moja huko, na jina ni lile lile.

"Dinajpur!" akacheka Bhabatosh. "Ya upande gani? Eh? Ya upande gani?"

"Ya huku, bwana. Karibu na Gangarampur. Kwani vipi?"

Lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Vijana wawili wa chama, wale wanaoshinda kwenye pikipiki wakingoja nchi iwahitaji, walishapiga simu polisi. Kanai akasema, "Jamani, huyu si yule anayechonga mawe yetu kila mwaka?" Akasema kwa sauti ndogo, na baada ya hapo akatazama chai yake. Tusimsifu sana Kanai.

Daroga, mkuu wa kituo cha polisi, alifika na gari. Kitambulisho Tofajul hakuwa nacho. Alikiacha Dinajpur kwa kaka yake, aliyekuwa akishughulikia kadi za chakula. Daroga akauliza, "Nani kamtambua?" Macho yote yakamwendea mtu mmoja.

"Mzee ndiye mtaalamu?" Daroga akasema, akimvisha kilemba cha ukoka bila hata kukikunja vizuri. "Una uhakika?"

Hapa ndipo. Neno moja lilitosha, na Bhabatosh alikuwa na maneno kuliko mtu yeyote koloni nzima. Angesema, huyu hukaa uani kwangu. Angesema, tulikuwa tunataniana. Lakini kushoto kwake alikaa Kanai, na kilemba kilikuwa kimeshamkaa kichwani, kinampendeza.

"Uhakika mia kwa mia," akasema. "Ulimi haudanganyi."

Wakamchukua Tofajul na mfuko wake wa patasi. Alipopandishwa garini alimtazama Bhabatosh akasema tu, "Bwana, mwambie bibi nitachelewa."

Nyumbani, Snehalata alikuwa ameketi barazani, jiwe lake limewekwa juani tayari, limesuguka laini kama sabuni.

"Bhabu, nimesikia sauti ya Tofajul, halafu ikakatika. Yuko wapi?"

"Mama, hali ya usalama siku hizi..." akaanza.

"Sijakuuliza hali ya usalama. Nimekuuliza Tofajul."

Akaingia ndani kunawa mikono, akainawa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

Habari ililetwa na Gopen, amefunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata kwa msiba wa baba yake. Alikuwa ametoka kituo cha polisi. Mke wa Tofajul kapiga simu analia. Kaka mtu yuko njiani na kitambulisho lakini treni ya kutoka kaskazini haitafika kabla ya kesho jioni, na gari la kuwapeleka watu mpakani linaondoka kesho asubuhi. Akishatupwa ng'ambo, nani atamrudisha? Ng'ambo nao watamwambia si wao.

"Daroga kasemaje?" akauliza bibi.

"Kasema aliyemtambua akija akasema amekosea, atamwachia. Amemwandika jina, Bibi. Mtaalamu Bhabatosh Guha."

Snehalata akamgeukia mwanawe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Nenda ukaseme umekosea."

Sasa tazameni mtu huyu. Mtu aliyekuwa na dawa ya mgomo, dawa ya mafuriko na dawa ya bei ya vitunguu, alisimama katikati ya chumba akawa anatafuta jinsi ya kusema neno moja. "Kukosea si neno lenyewe," alisema. "Tunaweza kusema hali imebadilika. Tunaweza kusema uchunguzi zaidi unahitajika. Mama, ukiangalia kwa mapana, tatizo si mimi, tatizo ni sera. Nikienda leo nikasema hivi, kesho Kanai..."

"Kanai!" akasema bibi. "Mtu anatupwa kama paka, na wewe unamwogopa Kanai?"

"Simwogopi. Lakini mtu mwenye msimamo..."

"Gopen, mwanangu, ita bajaji. Na nibebeeni hilo jiwe."

Walilibeba wao wawili, Gopen kichwani mwa jiwe na Bhabatosh miguuni, kwa maana hakupata namna ya kukataa kubeba. Jiwe lilikuwa zito. Njia nzima bibi hakusema neno; alikaa amefunga kitu kwenye pindo la sari yake nyeupe.

Kituoni waliliweka jiwe juu ya meza ya daroga, meza ikaguna kwa uzito. Daroga akasimama.

"Bibi, nini hiki?"

Sasa, Snehalata alijua kusema kama watu wa Kolkata akitaka. Alishaishi huku miaka mingi ya kutosha. Siku ile hakutaka. Alisema Kibarisal kitupu, kile cha mitoni, chenye kuvuta na kumeza, ambacho maaskari vijana walikifahamu nusu na kuona aibu ya nusu ya pili.

"Hili ni jiwe langu. Limevuka mpaka nalo halina karatasi. Mnayemshika ndani amelichonga, na baba yake alilichonga, na wote wawili wamekula kwenye sahani zangu. Nasikia hapa mnafunga watu kwa pilipili." Akafungua pindo, akaiweka pilipili mbichi juu ya jiwe. "Hii mwanangu, wewe unaiitaje?"

"Lonka, Bibi."

"Mimi naiita morich. Mama yangu aliiita morich. Nitakufa naiita morich. Basi nionyeshe chumba changu, na kiwe na blanketi, maana baridi hii inaniuma magoti."

Askari mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Daroga akafuta paji la uso. Tusije tukadhani aliguswa moyo. Alikuwa akimtazama bibi wa miaka themanini na zaidi, anatetemeka, na akiona kesho yake: bibi kafia benchi la kituo, waandishi mlangoni, na vile vichwa sita vya runinga vikipigia kelele jina lake.

"Bibi, si hivyo. Tatizo ni mtaalamu. Kuna mtu ameshuhudia." Akamtazama Bhabatosh. "Mzee, huyu ni mama yako?"

"Ndiye."

"Basi nyumbani kwenu mnaiitaje hii?"

Tofajul, nyuma ya nondo, akanyanyua kichwa. Gopen akamwangalia Bhabatosh. Snehalata hakumwangalia; alitazama pilipili, akingoja, kama siku ile alipomwachia mkono kwa mara ya kwanza atembee. Neno lenyewe ni dogo. Bhabatosh alilisema kabla hajajua kusema maji. Mlangoni, watu wa kibandani walikuwa wameshajazana, na mbele yao, kichwa kimeingia ndani, sindano kolani, Kanai.

Bhabatosh akamwona.

"Lonka," akasema.

Bibi akafumba macho mara moja, akafumbua. Kisha akamwambia daroga, taratibu, "Umeona. Mtoto niliyemzaa mimi hajui ninavyosema. Utamwamini amjue mtoto wa watu?"

Wakacheka watu wa mlangoni, na hata Tofajul, na safari hii hakuna aliyejikohoza. Daroga akapata njia ya kutokea akaikimbilia: akaandika kwamba shahidi hana ujuzi wa lugha, bibi akatia kidole gumba kumdhamini mtu wake, na Tofajul akatoka na mfuko wa patasi begani.

Jioni ile ile, uani, alilichonga jiwe. Cheche ziliruka, na katikati akamchora samaki mkubwa kuliko wa miaka yote. Kaka mtu alifika kesho yake na kitambulisho, kikaonyeshwa kwa daroga, na daroga akasema alijua tangu mwanzo.

Na Bhabatosh? Mkidhani alijifungia ndani kwa haya, hamjui haya inavyowaogopa watu wa aina yake. Siku mbili alikaa nyumbani. Ya tatu alikuwa chini ya kibao, glasi mkononi.

"Ninachosema," alisema, "ni kwamba polisi wanawaonea wanyonge. Mtu wa kazi, mchongaji wa watu, mnamkamata kwa neno moja? Ujinga! Tulikwenda pale kituoni, tukabeba na jiwe, tukamtoa."

"Tukamtoa," akarudia Kanai. "Nyani haoni kundule."

Watu wakacheka, Bhabatosh naye akacheka kidogo ili kicheko kisimwache peke yake. Gopen akamletea bisi za mchele, na pembeni ya sahani hakuweka pilipili. Tangu siku ile haweki. Bhabatosh hajawahi kuuliza kwa nini.

Lakini yote hayo ni ya kibandani, na kibandani huvumilika. Nyumbani ndiko kwenye kazi. Mchana wa kwanza baada ya jiwe kuchongwa, Snehalata alipika dengu na samaki wa haradali, viungo vimesagwa vizuri, harufu imejaa hadi kwa majirani. Alimwandalia mwanawe, kisha akaketi mbele yake sakafuni, na kando ya goti lake bakuli la pilipili mbichi, zinang'aa. Mtu wa Barisal kula wali bila kuuma pilipili ni kama kulala bila kufunga macho. Bhabatosh ulimi aliunyoosha, tumbo hakuwahi kuliweza.

"Mama, nipe lonka moja."

"Hiyo nyumba hii haina," akasema bibi.

Akaliangalia bakuli. Akamwangalia mama yake. Bibi akachukua moja kwa kikonyo, akaikata kwa meno yake machache, akaendelea kula kwa raha zake.

"Hizo hapo, Mama."

"Hizi? Hizi zina jina lake. Litaje, uchukue."

Akafungua mdomo. Mtu wa maoni yote, asiye na kidirisha cha kujificha nyuma yake, hakuna Kanai, hakuna daroga, hakuna msikilizaji isipokuwa aliyemfundisha kusema. Akafunga mdomo, akavuta sahani karibu.

Baridi imepita, na nyingine imekuja. Tofajul amepita tena, amechonga tena. Bakuli lipo palepale kando ya goti la bibi, kila mchana, na Bhabatosh Guha bado anakula wali wake bila pilipili.